Kigoda cha Mama Anaeli

Hyasinta alikuwa na kazi ambayo ndugu zake huko Masasi hawakuielewa hata walipoelezwa: alitengeneza picha za majengo ambayo bado hayajajengwa. Katika ofisi ya wasanifu majengo alikoajiriwa, Mchafukoge, ramani zilimfikia zikiwa mistari mitupu, naye akazigeuza kwenye kompyuta kuwa kuta, madirisha na jua la alasiri.

Safari hii mteja alikuwa Elibariki, muuza vitenge wa jumla Kariakoo. Alitaka kujenga ghorofa Magomeni, ahamie humo na mama yake mzazi. Mama Anaeli alikuja kutoka Machame kutibiwa magoti, na mwanawe hakutaka arudi kuishi peke yake. Lakini bibi alipoonyeshwa picha ya kwanza kwenye simu, aliitazama kidogo tu akairudisha.

"Baba, mimi siwezi kuishi ndani ya friji."

Theophil, bosi wa ofisi, akamgeukia Hyasinta. "Itie uhai. Ionekane kuna watu."

Hyasinta akaenda Kariakoo, kwenye nyumba aliyopanga Elibariki, aone wanavyoishi. Alimkuta Mama Anaeli kwenye kigoda mlangoni, miguu kainyoosha kwa sababu ya magoti, anachambua maharage. Hakuna aliyepita kwenye korido bila kusalimiwa na kuulizwa hali ya nyumbani kwake. Hyasinta alitoa shikamoo yake, akaitikiwa, akasogezewa sinia, na mpaka anaaga nusu ya maharage alikuwa ameyachambua yeye.

Alirudi ofisini akafanya kazi kwa raha. Pichani aliuchafua ukuta kidogo pale mikono inapopapasa swichi. Akaanika kanga. Akatupia kandambili mlangoni, moja imepinduka, na pazia akaliacha upande kama limevutwa na mtu mwenye haraka. Mwisho akamleta bibi na kigoda chake. Hakuenea. Kwenye kibaraza miguu iligonga ukuta. Kwenye korido aliziba njia, tena gizani.

"Bosi, hana pa kukaa."

"Mpunguze. Na kigoda kipunguze. Nani atapima?"

Akampunguza. Picha ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na bado haikumpa raha.

Siku ya kuionyesha, Mama Anaeli alisogeza uso hadi karibu na skrini. "Ni mimi huyu?" Akacheka, akaigusa ile kanga. "Kumbe nitakaa hapa, nawaona wapita njia! Haya, Eli, nimekubali."

Elibariki akashusha pumzi. Theophil alishasimama kumpa mkono. Hyasinta aliyatazama magoti ya bibi, yamefungwa bandeji chini ya kitenge, akashindwa kujizuia.

"Mama, nisamehe. Hapo hutoshi. Nilikupunguza ili uenee."

"Umempunguza mama yangu?" Elibariki akauliza taratibu.

"Kibaraza ni chembamba, kaka."

Theophil akakohoa. "Nilikibana mimi, ili sebule iwe pana."

"Mwanangu," Mama Anaeli akamwambia, bila hasira, "huko sebuleni atapita nani nimsalimie?"

Theophil akacheka mwenyewe, cheko la mtu aliyeshindwa. Elibariki naye akasema basi, sebule ipungue.

Hata hivyo Theophil alimnunia Hyasinta siku kadhaa. Alichora upya: kibaraza kipana, na korido ikafunguliwa upande mmoja, mwanga na upepo vipite. Kisha mchana mmoja akamletea ramani ya mteja mwingine kabisa, ambayo hajaimaliza.

"Weka watu humo kwanza," alisema, akimkwepa macho. "Uniambie wanakwama wapi."

Mama Anaeli bado yuko Kariakoo. Elibariki anapopata nafasi humpeleka Magomeni kutazama zege likimwagwa, naye ameshawajua mafundi wote kwa majina, na wake zao.