A Yenye Unyayo Mrefu

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni unyayo. Unyayo wa kulia wa herufi A, mrefu kuliko wa kushoto, umekanyaga mlango wa msusi kwa rangi nyekundu ambayo haijakauka. Ndipo akasoma neno zima: HAMA.

Unyayo ule aliuchora yeye.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa mnene wa mwili, mwembamba wa vifundo, na mguu wake wa kulia uliuzidi wa kushoto. Alipotaka kibao cha chumba chake cha kushonea, binti alimchora mama mwenyewe katika herufi, bila kumwambia: mihimili ya herufi imeshiba, mistari ya kuunganisha myembamba kama uzi, na chini nyayo za kusimamia. Neno moja tu, KARIBU. Ukizirundika herufi za namna ile, zinakosa pumzi. Ila neno moja, kubwa, mtu analisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Mama alipofariki, mjomba mchora vibao alikichukua kibao, eti akitunze.

Kumbe kutunza kwenyewe ndiko huku!

"Juzi tu nimekunyoa, leo unanipaka HAMA!" msusi alikuwa anamfokea mjomba, kitana bado mkononi. "Huna hata haya!"

"Dada yangu, nimetumwa tu. Mwenye nyumba anataka kujenga ghorofa."

"Basi na akutume ukapake mlango wa mama mkwe wake!"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alisogea mlango wa pili, wa fundi viatu, akabandika karatasi ngumu aliyoikata tundu la A.

"Kimya, njoo ushike kopo," akamwita mpwa wake. Ndilo jina alilompa, maana hajawahi kumjibu. "Unaona herufi hizo? Mwenye nyumba alitaka zenye sauti. Nikamwambia ninazo, nimebuni mwenyewe. Kapagawa! Mtaa mzima ni wetu, mwanangu."

Binti akashika kopo. Aliutazama ule mstari wa katikati wa A, ambao kwenye kibao ulikuwa tepu ya kupimia aliyojifunga mama kiunoni. Mjomba, kwa uvivu wake, alikuwa ameunenepesha ukawa gogo. Amempora mama kibao, amemfunga gogo kiunoni, na sasa anampitisha mlango kwa mlango akafukuze majirani zake, wale wale waliokuwa wakija kukaa kwenye benchi lake hata kama hawana nguo ya kushona.

Brashi ya mjomba ikainuka.

Akaweka kopo chini. Akaibandua karatasi mlangoni, akaipasua vipande viwili.

"We mtoto! Umerogwa?"

Kwa mara ya kwanza binti akamjibu, tena kwa sauti kubwa.

"Hukubuni kitu, mjomba. Hii A ni mama. Nilimchora mimi, na mguu wake, na mwili wake, na sikumwambia mtu, hata yeye. Mama yangu hafukuzi watu!"