Gemu Haina Pindo

Mke wa mwanangu aliingia Alhamisi moja alasiri wakati hatumtegemei. Kwa kawaida hufika jioni, amechoka hata kuongea, anasimama mlangoni na kumwambia mwanawe avae viatu waende. Siku hiyo mashine kubwa ya kufulia mashuka ilikuwa imeharibika kule hospitalini anakofanya kazi ya udobi, wakaruhusiwa mapema. Alinikuta nimesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Mume wangu alikuwa ameinamia cherehani yake karibu na dirisha, anashona sare za shule. Na mjukuu wetu, Chiriku, alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni, ameshika kidude chake cha kuchezea gemu. Kwenye kioo mtu mzima amepiga magoti, anaomba asiuawe.

Kilichoniamsha ni kelele za gemu kupungua. Mkwe wangu hakupiga kelele. Alipunguza sauti ya televisheni, akaokota mtandio wangu uliokuwa umeanguka, akanirudishia begani. Hata akiwa na hasira, mikono yake haisahau watu.

"Chiriku, toka nje kidogo," alisema.

"Mama, ngoja nimalize hapa."

"Toka."

Chiriku ana miaka kumi na moja. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya maneno yake yasiyoisha, lakini siku hiyo alitoka kimya.

Mkwe wangu alichukua kasha la gemu lililokuwa mezani. Pembeni mwa picha kulikuwa na namba kubwa, kumi na sita. Nyuma kulikuwa na mchoro mdogo wa ngumi. Aliligeuza mbele na nyuma kama mtu anayetafuta mahali palipotoboka.

"Mama, hii imetoka wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Cherehani ikanyamaza.

"Nimemnunulia mimi," alisema. "Si alifanya vizuri kwenye mtihani?"

"Namba hii uliiona, baba?"

"Niliiona. Muuzaji aliniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia. Akanitolea za kumi na mbili. Nikamwambia huyu wangu anakua haraka, nipe ya kumi na sita, itamfaa mpaka amalize shule. Akacheka, akanifungia."

Mkwe wangu alibaki kumkodolea macho. Mimi nilimwelewa mume wangu mara moja, maana nimeishi naye. Mtu huyu ameshona sare maisha yake yote. Kila mzazi anayeingia hapa humwambia maneno yaleyale: chukua kubwa, mtoto anakua, nitamwekea pindo refu na mwakani tutalifumua. Kwake, namba iliyoandikwa kwenye kitu cha mtoto ni kipimo cha mwili, si onyo la umri, na mnunuzi mwenye akili hupanda juu kidogo.

"Gemu haina pindo, baba," mkwe wangu alisema.

Siku nyingine tungecheka. Mume wangu alijaribu kuanza, akaona hana mwenzake, akarudi kuokota vipande vya nyuzi kwenye suruali yake.

"Siku hizi anaamka usiku, anakuja kulala kwangu," mkwe wangu aliendelea. "Namuuliza, ananiambia ni joto. Nikadhani anamkumbuka baba yake." Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa, anapotea wiki nzima, wakati mwingine zaidi. "Kumbe ni haya. Kuanzia Jumatatu atakuwa anashinda kwenye kile chumba cha watoto karibu na kazini kwangu. Pale kuna watu wa kuwaangalia."

Aliposema hivyo nilihisi kama mtu amefungua dirisha na baridi imeingia. Sisi ni wazee wawili tu hapa. Kabla Chiriku hajatoka shule, nyumba hii haina sauti ila ya cherehani. Akifika, anaanza kusimulia tangu getini: nani kagombana na nani, mwalimu kasema nini. Anamtungia babu yake uzi kwenye sindano na kumwita mchumba. Mimi ananiita mke mwenza, ananiambia nijiandae kufungasha virago. Mchana wangu wote ni huo.

Nilitaka kumsihi mkwe wangu, lakini niliogopa kumsihi mtu aliyechoka vile. Nilimpa maji. Alikunywa, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Sijakasirishwa na gemu, mama," alisema taratibu. "Nimechoka kukataa. Asubuhi nakataa, jioni nakataa. Baba yake akipiga simu kutoka njiani, anasema mpe tu, mwache afurahi. Huku kwenu kila kitu ni ndiyo. Mtoto akiniona mimi, anaona hapana inatembea. Ningekuwa na mtu wa pili wa kukataa, wala nisingehangaika na hicho chumba."

"Nitakataa mimi," nilisema.

Aliguna. "Wewe, mama? Wewe uliyemruhusu apake rangi mlango wa choo?"

"Ulihitaji rangi," mume wangu alisema.

Mkwe wangu alisimama, akaliweka kasha mezani palepale. "Haya. Siichukui. Nikiichukua, nitakuwa nimekataa mimi tena. Kesho ataiomba. Nitamuuliza mwenyewe jibu alilopewa."

Ijumaa Chiriku alifika, akatupa begi, na macho yake yakaenda mezani moja kwa moja.

"Mama ameiacha?"

"Ameiacha."

"Basi ameruhusu."

"Hakuruhusu. Na mimi siruhusu."

Alinitazama kama aliyegonga nyumba siyo. "Wewe, bibi?"

"Mimi."

"Lakini wewe hata hujui ilivyo. Kuiwasha tu huwezi."

"Nilimwona yule aliyepiga magoti."

"Yule si mtu, bibi. Ni gemu."

"Sawa, si mtu. Usiku unakimbilia kitanda cha nani?"

Akasema darasa lao zima wanaicheza, hata wanaolia wakidondosha kalamu. Mume wangu aliacha kushona. Najua moyo wake, ni mwepesi kama wangu.

"Mpe kidogo tu," alisema. "Nitakaa naye."

"Wewe fundi, shona," nilimwambia.

Nilidhani nikishasema hapana, kazi imekwisha. Sikujua kwamba hapana moja inazaa nyingine. Alirudi akiomba aicheze bila sauti. Nikakataa. Akaomba afungue tu, atazame nguo za wachezaji. Nikakataa. Akaniambia atanisuka, atanipaka mafuta magoti, na kwa kweli magoti yalikuwa yananiuma. Kila mara nililazimika kunyanyua tena kitu kilekile kizito, na kila mara kilikuwa kimeongezeka uzito. Usingizi wangu wa mchana ulipita hivyo. Nilimfikiria mkwe wangu akifanya haya baada ya kutwa nzima ya mashuka ya wagonjwa, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikimhurumia mtoto peke yake.

Mwishowe Chiriku alichukua begi lake, akaenda kukaa kwenye kizingiti, akanipa mgongo.

"Leo wewe si mke mwenza wangu," alisema.

Maneno ya mzaha, lakini hakuyasema kwa mzaha. Mkono wangu ulikuwa umeshafika karibu na kasha. Ningempa dakika chache tu, angegeuka, angeanza kusimulia ya shuleni. Niliurudisha mkono mapajani. Mume wangu alitazama pembeni, akaendelea kushona.

Mkwe wangu alifika jioni, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Chiriku hakumngoja aingie.

"Mama, bibi amekataa."

"Amekataa nini?"

"Gemu. Nimemwomba mpaka nimechoka. Mwambie wewe."

Mkwe wangu alinitazama juu ya kichwa cha mwanawe. Sikuwa na nguvu ya kutabasamu. Nadhani nilikuwa na sura ambayo yeye huiona kwenye kioo chake kila siku.

"Kama bibi amekataa, mimi siwezi kumpinga," alisema. "Mwombe tena Jumatatu ukija."

"Jumatatu pia atakataa," Chiriku alisema kwa uchungu.

"Huenda."

Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya siku nyingi. Hakusimama mlangoni. Aliingia, akavua viatu, akajinyoosha kwenye kile kiti changu na kufumba macho. Chiriku alisita, halafu akapanda akajibana ubavuni kwa mama yake, na mama yake akamzungushia mkono bila kufungua macho.

Nilikwenda kupika chai. Nilipompelekea Chiriku kikombe chake hakukipokea, alitazama ukuta. Mama yake alinyoosha mkono, akakichukua yeye, akakipoza kwa pumzi, akampa. Kwake alikipokea.