Vifuniko Visivyo na Utando

Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawajawahi kufanya kazi chumba kimoja na mdogo wangu.

Maabara yetu hupima minyoo wanaoua wadudu ndani ya udongo. Ni wadogo mno, hivyo hatuwahesabu wenyewe. Tunatia viwavi kumi wa nondo kwenye kopo la udongo, tunafunika, na siku ya tano tunahesabu maiti. Maiti wakiwa wengi, minyoo ni wengi, na shamba halihitaji sumu.

Safari hii udongo ulitoka kwa shangazi, aliyetulea sote wawili. Sumu ikipulizwa pale, nyuki wake ndiyo basi tena, na hana riziki nyingine. Siku ya tatu mwanangu akashikwa na homa. Nikasaini kadi za matokeo zikiwa tupu, kama tulivyozoea, nikamwachia mdogo wangu. Kazi yenyewe nilimtafutia mimi.

Nilirudi baada ya wiki, ripoti imeshatoka: makopo ishirini, viwavi wote hai. Moyo ukanipasuka paa! Nikayafuata makopo kwenye pipa la taka. Viwavi wale wakiishi siku tano, hufuma utando mweupe hadi kubandua kifuniko inakuwa shughuli. Vifuniko hivi vilikuwa safi. Ndani viwavi wamelala, wekundu kama tofali, bila harufu ya kuoza. Mnyoo ndiye anayeua hivyo.

Nikamkuta mdogo wangu kwenye sinki.

"Hawa ndio hai wako?"

"Bosi alishawaahidi watu wa dawa ya wadudu kwamba watapuliza, dada. Alitaka maiti sifuri. Na kiti cha mkuu wa maabara kiko wazi."

"Si ungenipigia simu!"

"Ungekataa."

Akaendelea kuosha mikono, kidole kimoja kimoja. Nilitamani kumzaba kibao. Niliumia kuliko nilivyokasirika, na hasira zangu zinajulikana. Nikampigia shangazi palepale.

"Shangazi, watu wa dawa wakija, usiwaruhusu!"

"Walikuja jana, mwanangu," akasema taratibu. "Niliwafungia geti, nikawaambia hawapiti mpaka nione karatasi. Wakanionyesha. Nikaona saini yako, nikawafungulia mwenyewe."