Zamu ya Askari wa Choo

Kwetu sikukuu ina zamu. Mwenye zamu hupika kwake, ukoo mzima unakuja, na kabla mgeni hajashika kijiko, mwenye zamu huonja kila kilichowekwa mezani, wote wakimtazama. Bibi ndiye aliyeanzisha. Tangu niugue, zamu yangu wakawa wanairuka. "Pumzika, mama," waliniambia kwa sauti ya msibani, utadhani nimeshakufa.

Sijafa. Nina utumbo unaovimba na kutoka vidonda, basi. Dawa nameza, cherehani nakanyaga kutwa, na wateja wangu wanapendeza. Ila maharage na pilipili tumeshaachana, na popote niendapo nauliza kwanza choo kiko wapi. Kaka yangu kanibandika jina: Askari wa Choo.

Mwaka huu nikampigia simu shangazi, mkubwa wa ukoo na mpangaji wa zamu.

"Shangazi, sikukuu ni kwangu."

"Utaonja nini, mwanangu, na tumbo hilo?"

"Nitaonja vyote."

Akaguna. "Haya. Ukishindwa tusilaumiane. Zamu yako nampa wifi yako moja kwa moja."

Nikajifunga kibwebwe. Kuku nilimtoa ngozi, nikamchemsha na tangawizi kidogo mpaka nyama ikawa inaachia mfupa. Viazi nikaviponda. Maboga na karoti nikamenya, nikapika hadi vikalainika. Wali ukawiva mweupe, punje moja moja. Nilijionea fahari hata kabla hawajafika.

Wifi, mke wa kaka, alifunua sufuria akamnong'oneza mumewe, "Chakula cha wodini." Nilimsikia, nikamezea. Mara shangazi akaingia na hotpoti, akaitua katikati ya meza na kuifunua. Maharage, mekundu kwa pilipili.

"Nimekusaidia, mwanangu, watu wasilale njaa."

Hakuwa na ubaya. Lakini kikishakaa mezani lazima nikionje, na macho yote yalikuwa kwangu. Kijiko kimoja tu, nikajiambia, nife na tai shingoni. Halafu nikakumbuka jinsi kijiko kama hicho kilivyonilaza hospitali, hasira zikanipanda. Kwa nini nife nyumbani kwangu mwenyewe?

Nikaifunika hotpoti, nikaipeleka jikoni, nikarudi mikono mitupu.

"Asante, shangazi. Lakini kwenye meza yangu hakiwekwi nisichokula."

Nikachukua kijiko nikaonja kuku, viazi, maboga, karoti na wali, bila haraka.

"Karibuni."

Shangazi alijipakulia kidogo, kwa kunionea huruma. Akatafuna. Akaongeza. Shangazi akiongeza ujue kapatikana. Wengine nao wakaanza kugonga vijiko.

Katikati ya mlo tumbo likanikata. Nikainuka, nikaenda chooni, nikakaa huko jasho likinitoka. Mlango wenyewe wa ubao mwembamba, nikamsikia wifi.

"Si nilisema? Kashindwa. Zamu ni yangu."

"Kashindwa nini?" shangazi akafoka. "Mtu kaenda chooni. Kwani wewe huendi?"

Nilicheka peke yangu mle ndani, mkono mmoja tumboni. Maumivu yalipopoa nikanawa kwa sabuni, nikanyoosha gauni nililojishonea, nikatoka kichwa juu. Kila mtu alikuwa anatazama sahani yake, kana kwamba nimefumaniwa.

"Nimetoka chooni," nikawaambia, "na huenda nikarudi. Nani anaongezewa kuku?"

Wa kwanza kunyoosha sahani alikuwa wifi. Nikampakulia kipande kinono kuliko vyote, yeye mgeni, mimi mwenye zamu.