Isimwagike

Baba alinikumbuka siku damu yangu ilipopatana na ya mwanawe wa ndoa. Mpaka hapo nilikuwa mtoto wa nje, hata salamu zangu zilimkera. Ghafla nikapewa chumba chenye dirisha, na mama wa kambo akawa ananipikia maini kwa mkono wake mwenyewe, ananisimamia mpaka nimalize.

Hospitalini, nesi alinieleza huku mfuko ukijaa damu yangu: chembe nyekundu hubeba hewa, nyeupe hupigana na maradhi, chembe sahani huziba kidonda, na yale maji ya manjano huzibeba zote. Kaka alihitaji zile nyekundu, maana zake zilikuwa zikivunjika ovyo.

"Kunywa maji, mwanangu," alisema mama wa kambo.

Mwanangu! Kichwa kikanivimba, mjinga mimi.

Siku moja nilijikata kidole nikimenya viazi. Mama wa kambo alitupa mwiko, akakidaka kile kidole kwa mikono miwili na kukibana hadi damu ikaganda. "Isimwagike," alinong'ona, "isimwagike." Nililia kwa furaha.

Kaka alifariki hata hivyo. Tuliporudi kutoka makaburini niliingia jikoni kumsaidia mama wa kambo. Nilipokuwa nikimenya viazi, kisu kikanipitia kiganjani. Nikamnyooshea mkono, kama mtoto mdogo.

Aliutazama ukichuruzika, kisha akausukuma pembeni kwa ncha ya mwiko.

"Sogea huko," alisema. "Unanichafulia sakafu."