Treni Imeshapita Lubudi

Kila asubuhi, jua likiwa bado la upole, bunge la wima lilifungua kikao chake mbele ya kibanda cha René, pale njia panda ya Manika. Bunge hilo halikuwa na viti wala posho. Ni wanaume kumi, siku nyingine ishirini, waliosimama kuzunguka gazeti la juzi na simu mbili tatu zenye vioo vilivyopasuka, wakaiendesha nchi kwa midomo. Kolwezi, mji wa migodi ya Kongo, inawaita baparlementaires debout, wabunge wa kusimama, na wao jina hilo wanalibeba kama cheo.

Spika wao, ambaye hakuna aliyempigia kura, alikuwa Tata Edouard. Alikuwa karani wa stesheni ya reli kwa miaka ishirini na sita, na sasa alibaki na suti moja ya kahawia na sauti ya kutangazia. Ungemwuliza nani atatolewa serikalini, angekupa jina na tarehe. Ungemwuliza kwa nini yule mwanamuziki wa Kinshasa ameachana na mke wa tatu, angekueleza kana kwamba alikuwa chini ya kitanda chao. Refa wa mechi ya jana, bei ya kobalti, ugonjwa wa mchezaji fulani huko Ulaya, yote aliyamaliza kabla ya saa tatu. Neno moja tu halikuwahi kumtoka mdomoni, nalo ni "siyui," yaani sijui.

Neno hilo aliliacha stesheni. Zamani abiria walipomzonga dirishani kumwuliza treni ya Kamina imefika wapi, naye hana habari hata moja, alijifunza kuwatajia stesheni ya njiani kwa uso mkavu: "Imeshapita Lubudi." Watu walitulia, wakarudi kukalia mizigo yao. Mara nyingine treni ilifika. Mara nyingine ilikuja kesho yake, na kwa furaha ya kuiona hakuna aliyerudi kumsuta. Edouard alipenda kuisimulia hadithi hiyo pale kibandani, na bunge lilicheka kila mara kama ni mara ya kwanza.

Hatua tatu kutoka kwao alikaa Mama Kalumba na karai lake, akikaanga mikate, ile ya mviringo inayoliwa moto moto na wanaokwenda kazini. Jina lake mwenyewe ni Bilonda, lakini tangu alipozaa kifungua mimba wake hakuna aliyemwita hivyo. Hakuwa na redio, na simu yake ilijua kupiga na kupokea tu. Habari zake zote za dunia zilitoka kwa Edouard, akizisikiliza huku anageuza mikate. Jioni aliwaambia majirani, "Tata Edouard njo amesema," na ubishi ukaisha. Edouard alilijua hilo. Lilimpendeza kuliko pensheni, maana hiyo ilichelewa zaidi ya treni.

Siku ya mkosi ilikuwa Jumanne. Walikuwa katikati ya penalti ya jana, wengine wakiapa kwamba haikuwa penalti, ndipo René akainua simu yake.

"Udongo umeanguka mu mashimo ya Mutoshi," alisema. "Alfajiri. Bantu bengi bako ndani."

Edouard akaidaka habari hiyo hewani. "Nilisemaka, mi! Mvua ile ya juzi, na batoto banachimba bila kuweka miti. Shimo ile ilikuwa inangoya tu." Hakuwahi kusema, na shimo lenyewe hakuwahi kuliona. Wanaume wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mama Kalumba alikuwa ameacha kugeuza mikate. Mwanawe Kalumba, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa mchimbaji, na alizoea kulala huko huko mashimoni siku nne tano bila kurudi nyumbani. Akampigia. Simu haikupita. Akapiga tena. Wakati huo huo jirani yake, Mama Agnès, akatokea na wanawake wengine, vitenge wamevifunga kiunoni, wakitembea haraka.

"Mama Kalumba, twende ku hôpital. Bale banatoa mu shimo, banabapeleka kule."

Mama Kalumba akaliweka karai pembeni, akaanza kufungua aproni yake. Mkono ukiwa bado nyuma ya kiuno, akafanya kile alichozoea kufanya. Akamgeukia Edouard.

"Tata Edouard, we njo unayuaka bintu. Kalumba iko mu shimo ile?"

Penalti ikasahauliwa. Edouard hakujua. Alichokuwa nacho ni kwamba wiki mbili nyuma alimsikia Kalumba, mdomo umejaa mkate, akimwambia mwenzake angependa kwenda kujaribu bahati Tenke, mji mwingine wa machimbo. Hilo tu, na hata hilo alilisikia nusu. Lakini wanaume wote walikuwa wanamtazama, mama anamtazama, na yeye alikuwa ameshafungua mdomo.

"Hapana, mama. Kalumba iko Tenke. Alienda na benzake. Ikala tu hapa."

"Tenke? Na simu yake haipite."

"Réseau ya Tenke, we unaiyua? Kule simu inapitaka magaribi. Utaona, atakuita mwenyewe."

Mama Agnès hakuondoka. "Uko sûr, tata?"

"Mama Agnès, mi nilidanganyaka lini?"

Bunge likacheka. Mama Agnès akaenda zake na wenzake. Mama Kalumba akacheka pia, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akaifunga tena aproni na kurudisha karai motoni. Mikate ya kwanza ilipoiva akachagua miwili mizuri, akaifunga katika kipande cha gazeti na kumpa Edouard bila kudai kitu. Edouard aliila pale pale, amesimama. Kuna kitu kilimkwaruza moyoni. Aliwaza kwenda hospitali kuuliza, si mbali kwa miguu, lakini mtu akamtaja tena yule mwanamuziki na mke wake wa tatu, na wazo likapita.

Jua lilipokuwa linazama, Dimitri akaja. Alikuwa mchimbaji mwenzake Kalumba, wakila sufuria moja, na mkono wake ulikuwa umefungwa plasta mpya. Alisimama mbele ya Mama Kalumba, akainamisha kichwa. Mama Kalumba akaelewa.

Mengine yalijulikana siku ya tatu ya matanga. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na kabla watu hawajatawanyika desturi inataka ndugu waeleze kifo kilivyokuwa, ili kila mtu asikie habari moja. Edouard alikuwa amekuja kwa kuchelewa makusudi, akajibanza nyuma kabisa. Hawakumwacha. "Tata Edouard, kuya mbele," walimwita, wakamwinua mtu kwenye kiti ili akae yeye. Alikaa pale ameshika kofia yake, akiona haya hata ya viatu vyake.

Dimitri alisimulia kwa niaba yao. Kalumba alitolewa akiwa hai. Saa tatu asubuhi alikuwa kitandani hospitalini, kifua kimepondeka, akili timamu. Simu zao zote mbili zilibaki chini ya udongo, na namba ya mama haikuwa kichwani mwa mtu. Dimitri mwenyewe alizuiliwa hadi jioni kwa ajili ya mkono wake, wakamtuma mtu getini aite jina. Kalumba alimwulizia mama yake hadi saa kumi alasiri. Halafu hakuuliza tena.

Mama Agnès akaanza kulia upya. "Mi nilikuwa pale ku geti," alisema. "Nilisikia banaita: mama ya Kalumba, mama ya Kalumba. Nikasema, Bakalumba ni bengi. Wa kwetu iko Tenke."

Tata Ntambwe, kaka wa Mama Kalumba na mkubwa wa matanga, alisubiri kilio kishuke. Alikuwa mtu mpole. Akageuka polepole.

"Tata Edouard. Ile habari ya Tenke, nani alikupatia? Pengine kuko mutu alikudanganya."

Mlango huo alifunguliwa wazi, na Edouard aliuona. Jibu lilishakuwa ulimini: dereva mmoja wa lori, wa kutoka Fungurume, simjui jina. Watu wangeliamini. Wangemtukana dereva huyo, na yeye angerudi nyumbani na jina lake zima. Aliinua macho, akakutana na ya Mama Kalumba pale mkekani. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamsubiri, vile vile kama kila asubuhi, mtu anayengoja kuambiwa habari na mwenye kuzijua. Akaikumbuka ile mikate miwili aliyopewa bila kudaiwa kitu.

"Hakuna mutu," alisema. Sauti ya stesheni haikuwepo tena. "Mi sikuyua, mama. Sikuyua kitu."

Alitamani wampige. Tata Ntambwe alitazama chini. Mama Kalumba alifikiri kidogo, kama mtu anayekosoa jambo dogo tu.

"Ungesema tu vile," alisema. "Siyui. Mi ningeenda kuangalia."

Mwanamke mmoja akapita na birika, akamimina chai katika vikombe vya wanaume wote, na cha Edouard pia.

Miezi miwili baadaye Mama Kalumba alirudisha karai lake njia panda. Watu bado walimwita kwa jina la mwanawe. Edouard peke yake hakuweza. Alikuwa anasema "mama" tu, macho yakiwa kwingine. Bungeni alisimama pembeni sasa. Walipomwuliza la waziri au la refa, alijibu "siyui," nao wakaangua kicheko wakidhani ni mtindo mpya wa mzaha.

Asubuhi moja Mama Kalumba alikuwa anamngoja dada yake anayekuja kwa treni kutoka Kamina. Alikuwa akiinua kichwa kila pikipiki inapopita. Edouard alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Karani mwenzake wa zamani alikuwa amempigia dakika ishirini nyuma, wakaongea juu ya magoti yao mabovu, na katikati ya maongezi akamwambia kwamba treni ya Kamina imeshapita Lubudi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu. Edouard aliisogeza mpaka kwenye meno, ikakataa kutoka.

Mama Kalumba akanyoosha mkono kumpita Edouard, akamsimamisha dereva wa pikipiki asiyemfahamu.

"Mwana yangu, treni ya Kamina imefika wapi?"

"Siyui, mama. Niko napita ku gare ya treni, nitaulizia, nitarudi kukuambia."

"Aksanti," alisema Mama Kalumba, na akamchagulia mikate miwili ya moto.