Wanafunzi Kumi na Sita

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Gaynor Stathers alikuwa ameshaifuta meza ya jikoni mara tatu. Haikuwa na uchafu. Alikuwa amevaa aproni ya kazini, ya bluu, yenye jina la kampuni ya usafi mgongoni, maana msimamizi wake alimruhusu kuchelewa hadi saa tatu na si zaidi ya hapo. Binti yake, Carly, alikaa mbele ya laptopu iliyopasuka kioo pembeni, magoti kayakunjia kifuani, nywele hazijaona chanuo tangu juzi.

"Kula."

"Sina hamu, mama."

"Sikukuuliza habari ya hamu. Nimesema kula."

Carly alimega ukingo wa tosti akauweka mdomoni. Akautafuna muda mrefu, kama mtu anayetafuna karatasi.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya Agosti. Mitihani ilikuwa imefutwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, kwa tangazo moja la televisheni, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa kidato cha sita aliyeshika kalamu kwa ajili ya mtihani, si hapa Hull wala kwingineko Uingereza. Badala yake kila mwalimu aliambiwa ajaze fomu. Aandike alama ambayo kila mtoto angeipata kama mitihani ingekuwepo, kisha awapange wote kwenye mstari, wa kwanza hadi wa mwisho. Fomu zikaenda serikalini. Huko, redio ikasema, kipo kikokotoo, programu ya kompyuta, kitakachozipitia ili kila mtu atendewe haki. Gaynor aliposikia neno haki alizima redio akaendelea kumenya viazi.

Alichokitaka yeye kilikuwa kitu kimoja. Chuo kikuu kilikuwa kimempa Carly nafasi ya kusomea ufamasia kwa sharti la A ya kemia na B mbili. Mtoto asimame nyuma ya kaunta kwa koti jeupe, na mtu mwingine apige deki sakafu yake.

Saa mbili juu ya alama barua pepe iliingia.

"Hesabu, B," Carly alisema. "Bayolojia, B."

"Enhe."

Carly aliisukuma pembeni sahani ya tosti.

"Kemia, Carly."

"C."

"Soma tena."

"Mama, ni herufi moja. Nitaisomaje tena?"

Gaynor aliigeuza laptopu akaitazama mwenyewe. Kisha akachukua simu, akampigia mwalimu wa kemia, Bi Pallister, ambaye namba yake alikuwa nayo kwa miaka miwili na hakuwahi kuitumia kwa upuuzi.

"Nilimpa A," Bi Pallister alisema kabla hata ya salamu. Sauti ilikuwa imeshalowa. "Nilimweka wa kwanza, Gaynor. Wa kwanza kati ya kumi na sita."

"Sasa C imetoka wapi?"

"Kwa miaka mitatu shule yetu haijatoa mtoto aliyevuka C kwenye kemia. Kikokotoo kimewatazama hao."

"Hao kina nani?"

"Waliotangulia."

"Carly hawajui hao. Wala hao hawamjui Carly."

"Najua."

"Basi futa machozi, mwalimu, uniambie rufaa inakatwa wapi."

"Bado hawajasema," alijibu Bi Pallister, akaanza kulia upya.

Gaynor alikata simu. Alitaka kumwambia Carly neno, lakini kiti kilikuwa kitupu na mlango wa chumbani juu ulikuwa umeshafungwa. Wala haukubamizwa. Ungebamizwa ingekuwa afadhali.

Alipotoka kuelekea kazini, jirani yake Maxine alikuwa amesimama kizingitini kwake, gauni la kulalia ndani ya koti, sigara mkononi haijawashwa.

"Shelby wangu kapata U," Maxine alisema.

"U?"

"U, Gaynor. Sifuri. Kafeli." Akacheka kicheko kisichokuwa na kitu ndani. "Hebu nielimishe wewe mwenye akili. Mtu anafelije mtihani ambao haukufanyika?"

"Bi Pallister alimpa ngapi?"

"C. Alimpa C, ila kwenye mstari wake akamweka wa kumi na sita. Wanasema kila mwaka kuna mmoja pale shuleni anafeli kemia. Basi na mwaka huu lazima apatikane wa kufeli, na wa mwisho ni wangu."

Gaynor alishusha mkoba wake begani.

"Alitaka somo la michezo," Maxine alisema polepole. "Unakumbuka? Alikuwa ameshajaza na fomu. Wewe ndiye uliyegonga mlango huu na karatasi yako."

Alikumbuka. Septemba miaka miwili nyuma, mkuu wa shule aliwaandikia wazazi kwamba waliojiandikisha kusoma kemia ni watano tu, na bajeti hairuhusu kumlipa mwalimu kwa watano. Wakifika kumi na sita, darasa litafunguliwa. Wasipofika, wanaotaka kemia watafute mabasi mawili hadi shule nyingine, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Wazazi wengine walilalamika mtandaoni. Gaynor alichukua karatasi na kalamu akatoka. Jumamosi tatu mfululizo alizunguka nyumba za halmashauri, zile za kodi nafuu, mvua inamnyeshea, anagonga mlango hadi mlango. Mtoto wako yuko kidato cha tano? Kapasi sayansi? Basi sikiliza. Aliwapata kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Shelby, aliyekuwa akiogopa kemia kama mbwa mkali. Gaynor alimwambia mama yake kwamba kemia inafungua milango yote, na kwamba yeye mwenyewe atahakikisha mtoto hazami.

Alitimiza. Kwa miaka miwili Shelby alikaa kwenye meza ile ile ya jikoni kila Jumanne na Alhamisi, anakula maharage juu ya tosti na Carly anamwelekeza, hadi siku alipoleta C yake ya kwanza na kuibandika kwenye friji ya Gaynor badala ya friji ya kwao.

"Yuko wapi?" Gaynor aliuliza.

"Yuko bafuni. Hataki kufungua." Maxine aliiwasha sigara. "Nenda kazini, shoga. Utachelewa."

Kazi ilikuwa upande wa magharibi wa mji, kwenye shule ya kulipia, ambako kampuni ilikuwa imempangia maabara kwa sababu Gaynor hakuvunja vitu. Mwezi huo walikuwa wakipiga dawa kila kitasa, kila kiti, kila bomba, kwa ajili ya korona. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya tatu alipoingia Bwana Ellerby, makamu mkuu wa shule, akiwa na barakoa chini ya kidevu na uso wa mtu aliyetoka kupongezwa.

"Gaynor! Endelea, endelea, usisimame. Siku nzuri leo, eh? Binti yako si naye alikuwa anasubiri? Yule wa kemia?"

"Kapata C, Bwana Ellerby. Mwalimu alimpa A."

"Oh. Aisee, pole." Alisikitika kweli, ilionekana. "Darasani walikuwa wangapi?"

"Kumi na sita."

"Ah," alisema Bwana Ellerby, kama daktari aliyeonyeshwa picha ya mapafu.

Gaynor alisimama. "Ah nini?"

"Ni mambo ya hesabu tu. Darasa likiwa kubwa, kikokotoo kinaamini matokeo ya shule ya miaka iliyopita kuliko kinavyomwamini mwalimu. Darasa dogo sana hakiwezi kulipima, kwa hiyo kinaacha alama za mwalimu kama zilivyo. Wetu wa kemia walikuwa wanne. A zote nne. Tumebahatika, kwa kweli."

"Wangekuwa watano je?"

"Hata watano. Ukizidi hapo ndipo kinapoanza kuingiza mkono. Ukifika kumi na sita, basi, kimeshika usukani chenyewe."

Gaynor alikuwa ameshika chupa ya dawa. Aliitazama kama anasoma maandishi yake.

"Wetu walikuwa watano," alisema. "Tuliambiwa watano hawatoshi. Darasa litafungwa."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Shule. Nyinyi mnawafundishaje wanne?"

Bwana Ellerby alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa. "Wazazi wetu wanapenda madarasa madogo," alisema. Akatazama saa. "Lazima kutakuwa na rufaa. Mwambie aandike barua, watu wanasoma barua nzuri. Halafu ukimaliza hapa, Gaynor, ukumbini kuna glasi, kama hutajali. Tulifanya sherehe ndogo na watoto, nje, kwa umbali."

Alimaliza maabara. Akaenda ukumbini akaosha glasi, thelathini na moja, akazipanga kwenye kitambaa zikauke. Mikono ilifanya kazi yake na kichwa kikafanya yake. Watano. Kama angebaki nyumbani Jumamosi zile tatu, wasingekuwa na darasa kabisa. Kwa kuwa alitoka, wakawa na darasa la kupimwa. Aliigeuza hesabu hiyo kila upande akitafuta mahali alipokosea, maana kosa la kwake angelijua namna ya kulirekebisha. Hakuliona.

Saa nane mchana Carly alimtumia ujumbe, maneno ya chuo kikuu yenyewe, hakuongeza lake: *Kwa kuwa hukutimiza masharti, nafasi yako imeondolewa. Tunakutakia kila la heri.*

Siku nne Carly hakushuka isipokuwa kunywa maji. Gaynor aliandika barua. Aliandika kwa mkuu wa shule, kwa mbunge, kwa chuo, kwa ofisi ya mitihani, barua fupi fupi zenye tarehe na namba, hakuna hata moja yenye machozi. Majibu yaliyorudi yalikuwa ya kompyuta. Tumepokea ujumbe wako. Asante kwa uvumilivu wako.

Jumatatu jioni serikali ikageuka. Watoto walikuwa wameandamana na mabango, magazeti yamepiga kelele, na waziri akatokea akasema kikokotoo kinatupwa, kila mtoto achukue alama ya mwalimu wake. Mtaa mzima ulisikika. Maxine alitoka nje kwa soksi akipiga sufuria kwa mwiko, na Shelby akapita juu ya uzio wa bustani badala ya kuzunguka, akamkumbatia Gaynor, umbali na korona vikasahaulika.

"Nina C yangu, shangazi! Nina C yangu!"

"Ilikuwa yako siku zote," Gaynor alisema.

Carly alishuka. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikuwa amechana nywele. "A," alimwambia mama yake, na wote wawili waliketi chini kwenye ngazi, bega kwa bega, hawana nguvu hata za kufurahi.

Jumanne asubuhi walikipigia chuo. Muziki uliwachezea dakika arobaini na tano. Carly aliiweka simu mezani, sauti wazi, na hatimaye akatokea msichana mwenye sauti changamfu. Akachukua jina na tarehe ya kuzaliwa.

"Carly! Naona hapa sasa una A. Hongera sana!"

"Asante. Kwa hiyo nafasi yangu imerudi?"

Vidole vilisikika vikigonga kibodi.

"Ufamasia... Samahani, Carly. Nafasi za ufamasia zilijaa Ijumaa."

"Lakini mimi nilikuwa nayo."

"Ndiyo. Naona hapa ulikuwa nayo."

Gaynor aliivuta simu. "Mimi ni mama yake. Mlisema A na B mbili. Anazo. Mnataka nini kingine?"

"Tunaziona, mama. Ila Alhamisi hazikuwepo."

"Zilikuwepo. Mwalimu aliziandika mwezi wa sita. Mkampokonya."

"Si sisi, mama."

"Ni nani, basi?"

"Maabara mwaka huu zinachukua watu wachache, kwa sababu ya korona," msichana alisema, na sauti yake ilisikika kama anasoma. "Wale waliotimiza masharti Alhamisi ndio waliothibitishwa."

"Na mwakani?"

"Mwakani anaweza kuomba upya, pamoja na waombaji wengine wote. Siwezi kuahidi."

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini, mama."

"Umeanza kazi hii lini?"

"Jumatano iliyopita." Kisha, kwa sauti ya chini, ya mtu na si ya kazi: "Samahani. Wewe ni wa arobaini hivi tangu asubuhi."

Gaynor alijaribu kumchukia akashindwa. Alipoinua macho, Carly alikuwa ameshasimama. Alichukua sahani yake, akaiosha, akaikausha, akaiweka kabatini kwa uangalifu. Kisha akafungua mlango wa nyuma akatoka. Gaynor alimwona kupitia dirishani, amesimama katikati ya bustani, mikono imening'inia, hatazami kitu.

"Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?" simu iliuliza.

"Hapana."

"Basi, ukiwa na dakika moja, usikate. Kuna swali fupi."

Mlio ukasikika, ikaja sauti nyingine, ya kurekodiwa, laini, ya mwanamke asiyechoka. Tunajali maoni yako. Kwa kutumia vitufe vya simu yako, tafadhali tupatie alama kwa huduma uliyopata leo, kuanzia moja hadi tano, ambapo tano ni bora kabisa.

Gaynor alibonyeza sifuri.

Samahani, sauti ilisema. Alama uliyotoa haikubaliki. Tafadhali jaribu tena.

Akabonyeza sifuri.